Chaza wanakufa baada ya kubandikwa mbegu za nusu lulu

MajiKupwa: Wadau salaam. Tunafuga chaza mdomo mweusi (Pinctada margaritifera) ghuba ya Menai, Unguja. Tunamfungua kwa kisu, tunabandika ndani ya gamba mbegu za plastiki (vipande vya nusu duara vya kufunikwa na lulu) kwa supagluu, tunamrudisha kwenye tenga. Wiki haiishi, wengi tunawakuta wazi, nyama imeoza. Kwa waliopona, mbegu nyingine zimebanduka. Tunakosea wapi?

Nanga2: Anzeni kwa kuacha hicho kisu. Chaza hana msuli wa kufungua gamba. Kwenye bawaba kuna kano inayonepa, muda wote inasukuma magamba yaachane; kinachoyafunga ni msuli mmoja mnene karibu na katikati. Ndiyo maana akifa anabaki wazi. Mkimpanua kwa nguvu msuli unachanika, hawezi tena kujifunga, na kaa wanamla akiwa hai.

Afunguke mwenyewe. Wapangeni wima, bawaba chini, wamebanana kwenye beseni la maji ya bahari yaliyotulia, kivulini. Hewa ikipungua majini, wahamishieni maji mapya ya bahari. Watapanuka kuvuta maji, maana kwa maji hayohayo yanayopita kwenye matamvua ndiyo wanapumua na kula. Hapo ingizeni kabari ya mti taratibu. Nafasi ya sentimita moja hivi inatosha. Akibana, mrudisheni majini, msishindane naye.

Mwamba_Kusini: Naongezea kuhusu mbegu kubanduka. Juu ya gamba kwa ndani imelala joho, ile ngozi laini yenye ukingo mweusi. Hiyo ndiyo inayotandaza tabaka za lulu juu ya mbegu, kwa hiyo ikichanika hakuna lulu. Isukumeni nyuma kwa kijiti bapa kilicholowa, msiibane kwa koleo. Pakausheni mahali pa kubandika kwa pamba, wekeni tone dogo la gundi chini ya mbegu, kandamizeni mpaka ishike. Gundi ikimwagikia nyama, jeraha linaoza.

Mbegu ikae penye mng'ao. Ukingoni gamba halina tabaka la lulu, mtavuna kitu cha kahawia kisicho na soko. Karibu na msuli nako hapafai, hataweza kufunga vizuri. Chaza wa chini ya sentimita 10 mwacheni akue kwanza.

MajiKupwa: Shukrani sana. Na zile nyuzi anazojishikizia? Huwa tunazivuta.

Nanga2: Kateni kwa mkasi, usawa wa gamba. Zinatoka kwenye tezi iliyo chini ya mguu, ukivuta unang'oa na nyama. Zikikatwa anatengeneza nyingine.

Mwamba_Kusini: Tena kagueni matenga mara kwa mara. Kuna konokono wa bahari wenye manyoya kwenye gamba: huingia wakiwa wadogo mno, wavu hauwazuii, wanakulia humo wakila chaza mmoja baada ya mwingine. Watoeni kwa mkono. Sifongo zinazotoboa gamba nazo zinamdhoofisha, maana nguvu yote anaimalizia kuziba matundu.

Jambo jingine naomba mlizingatie sana: chaza hawa wengi huanza maisha wakiwa madume, baadaye hugeuka majike. Mkiokota wakubwa tu mwambani, mnamaliza majike, na mayai yatatoka wapi? Tundikeni nyavu chakavu kwenye kamba za boya. Watoto huelea kama wiki tatu kisha hutafuta pa kushika, watashika hapo.