Spider-Man wa Ditko jalada gumu: Omnibus moja au Masterworks nne?

mwana_langoni (Lamu)
Salaam wakuu. Mimi Spider-Man nilimjua kwa ami yangu, alikuwa baharia, kila akirudi mkobani mna komiki mbili tatu hazina hata jalada, zishasomwa na meli nzima. Sasa nimejaaliwa visenti nataka zile za mwanzo kabisa alizochora Steve Ditko, kuanzia Amazing Fantasy namba 15 ya 1962 mpaka Amazing Spider-Man namba 38, na nazitaka jalada gumu watoto waje wazirithi. Omnibus ya kwanza, lile buku nene la mkusanyo, inazo zote kwa kitabu kimoja, Masterworks, ule mfululizo wa mikusanyo myembamba, ni lazima vinne. Ukipiga hesabu Omnibus ndio nafuu ila naogopa uzito na huu unyevu wetu. Nani anazo aniambie ukweli?

bi_shela
Omnibus ninayo, nliipeleka dukani kwa mizani ya sukari ikasoma kilo tatu na kitu 😂 kusoma umelala chali sahau, ikikudondokea usoni utatafutiwa daktari. Mi hukaa kitako mkekani nikaiweka juu ya mto. Lakini raha yake! Kurasa ni kubwa kuliko komiki zenyewe za zamani, ile namba 33 Spider-Man amebanwa na lile dude la chuma na maji yanamdondokea, unajikuta na wewe unasukuma naye.

nahodha_mstaafu
Mato yangu ya zamani haya yataka kitabu chepesi, kwa hivyo mimi Masterworks. Zilianza kutoka 1987, kila kimoja kina kama komiki kumi hivi, waweza kukishika mkono mmoja na kahawa mkono wa pili. Na kuna jambo mwana_langoni hujalifikiria. Omnibus ile inakatika namba 38 pale alipoondoka Ditko, na Green Goblin, yule adui wa Spider-Man mwenye barakoa, anafichuliwa yeye nani namba 39, kishachora John Romita! Yaani usome kurasa elfu na zaidi halafu uachwe mlangoni. Masterworks ya nne inakwenda mpaka 40, jibu unalo humo humo.

bi_shela
@nahodha_mstaafu lakini babu si kila mtu anajua Goblin ni nani 😂

nahodha_mstaafu
Basi asome ajifanye hajui.

maweni_kid (Malindi)
Nyote mna pesa. Mi nnayo Essential, mkusanyo mwingine, jalada laini, haina rangi kabisa, karatasi kama gazeti, ila ndani mna namba 1 hadi 20 na wino wa Ditko unaonekana vizuri kuliko hizo zenu. Rangi za hizi mpya kwenye karatasi ya kung'aa mi naona kali sana, zile za zamani zilikua na vidoti na karatasi imeingia umanjano, ndo utamu wenyewe. Halafu huku kwetu Wataliano wakihama huacha vitabu, nna L'Uomo Ragno, yaani Spider-Man kwa Kitaliano, ya wachapishaji Editoriale Corno, wao walianza kuchapa 1970. Kitaliano changu ni cha ufukweni tu lakini picha hazina lugha

kaskazi_kusi
Tuongee unyevu maana ndio swali. Usiviweke kwenye kidaka hata kama vinapendeza, nimefanya hilo kosa, ukuta wa mawe ya matumbawe unavuta maji na majalada yakapinda kama ganda la kaa. Karatasi ya kung'aa ikilowa kurasa zinagandana na huzibandui tena, ya gazeti angalau inakauka. Mimi nimehamia sanduku la mbao lililoinuliwa juu ya matofali sababu ya mchwa, ndani naweka vile vipakiti vya kwenye boksi za viatu na karafuu kidogo, na kila jumapili nafungua vipate upepo. Halafu omnibus ikisimamishwa wima miezi, kurasa zinaning'inia zikavuta uti wa kitabu, ilaze.

Na usiagize vyote boksi moja!! Langu lilivushwa kwa mashua kutoka Mokowe, kule bara, likakaa chini kabisa, maji ya ngama yanayotuama ndani ya chombo yakaliingia. Vitatu vikaenda.

mwana_langoni (Lamu)
Hapo kwa ngama umenimaliza. Naanza na Masterworks ya kwanza peke yake, binamu yangu anakuja mwezi ujao atanibebea kwenye begi la mkononi. @maweni_kid hiyo ya Kitaliano unauza?

maweni_kid (Malindi)
Hapana. Lakini njoo Malindi uisome, nawa mikono kwanza