Naomba ushauri: leseni gani inafaa kwa kaprogramu kangu?

Mleta mada
Wakuu, habari. Nina kaprogramu kanakobadili majina ya mafaili ya picha kufuata tarehe zilipopigwa. Nataka kukaachia umma, nimekwama kwenye leseni. Nimesoma leseni za MIT, Apache, GPL mpaka kichwa kinauma. Sitafuti hela, ila sitaki mtu abebe jasho langu, afiche msimbo (yale maandishi ya programu yenyewe), auze kama wake. Nikiuweka tu hadharani bila leseni, si wataelewa ni bure?

Jibu la 1
Hapo kwenye "bila leseni" ndipo unapokosea, mkuu. Hakimiliki inazaliwa yenyewe ukishaandika. Bila leseni watu watautazama tu, hawana ruhusa ya kuurekebisha na kuusambaza. Weka MIT, aya chache, ukalale.

Jibu la 2
MIT tena, na kasema hataki kufichiwa? MIT inadai tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni vibaki, basi. Anachotaka huyu ni GPL toleo la 3, la mwaka 2007: ukisambaza kilichotokana na msimbo wake, unatoa na msimbo wako kwa masharti yaleyale. Kuuza ruksa, kuficha hapana.

Jibu la 1
GPL makampuni mengi yanaikimbia. Basi Apache 2.0, angalau ina kifungu cha hataza, yaani haki za uvumbuzi.

Jibu la 3
Mnagombania kofia kichwa hakijapimwa. Mleta mada, umetumia maktaba gani za watu, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa tayari, na zina leseni gani? Kuna mtu mwingine aliyeandika humo?

Mleta mada
Nimefungua orodha sasa hivi. Tano ni MIT. Ile inayosoma tarehe ndani ya picha imeandikwa "GPL-2.0-only". Na kuna jamaa alinirekebishia mistari kama arobaini.

Jibu la 3
Hilo neno "only" ndilo lenye kesi. Maana yake toleo la 2 tu. Ingekuwa "or-later", yaani hilo au la baadaye, ungepanda toleo la 3 bila shida. Toleo la 2 pekee halipatani na la 3, wala na Apache 2.0. Ama programu nzima itoke kwa GPL 2, ama utafute maktaba nyingine. Na jamaa yako, ile arobaini ni mali yake. Mwombe idhini kwa maandishi leo, mkiwa bado mnasalimiana.

Jibu la 2
Hiyo "only" hata mimi ingenipita.

Mleta mada
Jamaa kajibu: "Tumia tu, ila jina langu liwemo." Maktaba nyingine ya MIT nimeipata, naijaribu usiku huu. Ikikubali, naenda na GPL 3.