Kaunti yataka tuandikiane mkataba kuhusu kituo cha watoto Likoni: tuangalie nini kabla ya kutia sahihi?

Katibu wa Kikundi, Likoni

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi ni katibu wa kikundi cha wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo huku Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa. Tulianza kina mama saba, na leo watoto wamefika thelathini na mmoja. Kilichotukutanisha ni feri. Mtoto wa miaka minane asiyeweza kukaa wala kuimudu shingo yake hubebwa mgongoni kutoka kituo cha matatu hadi kwenye mteremko wa kivuko, akavushwa katikati ya msongamano, akapandishwa matatu ya pili mpaka hospitali ya Makadara kwa mazoezi ya dakika arobaini, kisha safari ikaanza upya kurudi. Mgongo wa mama ukishashindwa, mazoezi hukoma, na viungo vya mtoto hukaza tena.

Ndipo tukakodi chumba, tukamlipa mtaalamu wa tiba ya viungo aje kila Jumamosi, na fundi seremala wa Mtongwe akatutengenezea viti na fremu za kusimamia kwa mbao za mwembe, akimpima kila mtoto kiuno na magoti kabla ya kukata. Kodi imekuwa ikilipwa na mfadhili wa nje, ambaye ametujulisha kwamba mradi wake unakwisha Desemba.

Sasa kaunti imekuja na pendekezo ambalo kwa kweli limetufurahisha: italeta mtaalamu wake siku mbili kwa juma bila malipo, nasi tutoe chumba, na vifaa viingizwe kwenye rejista ya mali ya kaunti. Rasimu ya mkataba wa maelewano ina kurasa mbili, na sehemu kubwa yake inasema pande zote zitashirikiana kwa nia njema. Nusu ya wazazi wanataka tutie sahihi hata kesho. Nusu nyingine wanahofia kwamba tutatoa kituo, halafu tubaki tukibisha hodi kwenye mlango tulioujenga wenyewe. Naomba ushauri wa waliowahi kupita njia hii.

Mstaafu wa Tononoka

Wa aleikum salaam, binti yangu. Nimefanya kazi katika utumishi wa umma kwa muda mrefu, kwanza chini ya baraza la mji na baadaye chini ya ugatuzi, na mikataba ya maelewano niliyoiona ikipigwa picha siku ya kutiwa sahihi ni mingi kuliko ile niliyoiona ikifika kwenye bajeti. Nia njema ya maafisa waliokuja kwenu sina shaka nayo. Shaka yangu iko kwenye kalenda.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kaunti haiwezi kutumia shilingi ambayo bunge lake halikuipitisha. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kabla ya 1 Septemba, taarifa ya mikakati ya fedha kabla ya 28 Februari, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Juu ya yote hayo kuna mpango wa miaka mitano, na unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kwa hiyo mtu akikuahidi jambo mwezi wa Oktoba, na jambo hilo halimo katika mpango uliowasilishwa Septemba, mara nyingi anakuahidi kitu ambacho fedha zake, zikipatikana, zitapatikana Julai ijayo. Ninyi kodi yenu inakatika Desemba. Kati ya Desemba na Julai kuna miezi ambayo mkataba wenu haukuitaja.

Uliza pia ni nani anayetia sahihi. Katika kila idara kuna afisa mmoja ambaye sheria imemfanya awajibike kwa matumizi, naye kwa kawaida ni afisa mkuu wa idara. Sahihi ya mkurugenzi au msimamizi wa kaunti ndogo ina heshima yake, lakini haifungui kasha.

Na kuhusu viti vyenu vya mwembe, nakusihi msiviingize katika rejista hiyo. Kifaa kikishakuwa mali ya umma, kukiondoa huongozwa na Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali za Umma ya 2015, yenye kamati zake na taratibu zake, na hata kiti kilichovunjika mguu hamtaruhusiwa kukitoa kwa hiari yenu. Andikeni kwamba vifaa ni mali ya kikundi, na kwamba kaunti imeruhusiwa kuvitumia.

Muuguzi wa Kisauni

Nakubaliana na mzee, nami nitaongeza upande wa watu, kwa sababu fedha zikichelewa watu ndio huondoka kwanza.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, nilikuwa katika kituo ambacho wauguzi wachache walikuwa wa serikali na wengi wa waliobaki walilipwa na mradi. Jumatatu moja tulifika tukakuta wenzetu wameambiwa wakae nyumbani. Dawa zilikuwamo kabatini na milango ilikuwa wazi, lakini waliokuwa wakiwajua wagonjwa kwa majina na kuwafuata mitaani hawakuwapo, na mafaili mengine yalikuwa kwenye kompyuta ambazo nywila zake walikuwa nazo wao. Kwa miaka mingi tuliita hali ile ushirikiano. Kumbe serikali ilitoa jengo, mradi ukatoa kazi yenyewe, na hakuna aliyewahi kuandika ni nani angeirithi kazi hiyo mradi ukiondoka.

Kwenu mambo yamegeuka: mfadhili anaondoka na serikali inaingia, jambo ambalo ni bora zaidi. Hata hivyo mtaalamu wa kaunti ni mtumishi, anaweza kuhamishwa, kwenda likizo ya uzazi au kugoma. Mwaka 2017 mgomo wa madaktari ulifikisha siku 100, na ule wa wauguzi uliofuata ukadumu takriban miezi mitano. Mkataba utamke kwamba anayepewa kituo chenu ni nafasi, si mtu fulani. Kwamba akihamishwa mwingine ataletwa ndani ya siku mtakazokubaliana. Na kwamba siku asipokuwapo wazazi wanaruhusiwa kufungua chumba na kuendelea na mazoezi waliyofundishwa. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini niliwahi kuona kituo kikifungwa juma zima kwa sababu aliyekuwa na ufunguo alikuwa semina.

Kadi za watoto nazo zisisahaulike. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Andikeni nani anazihifadhi, na mzazi awe na nakala yake.

Baba wa Wawili, Changamwe

Mniwie radhi, lakini mbona tunaanzia katikati? Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na Jedwali la Nne limeikabidhi kaunti vituo vya afya. Ikiwa Likoni nzima inavuka maji kutafuta mazoezi ya mtoto, deni hilo ni la serikali, na kina mama hawa wamekuwa wakililipa kwa niaba yake. Leo wanaombwa watoe na chumba. Kila kikundi kinapoziba pengo vizuri, wenye jukumu husahau kwamba pengo lipo. Mimi ningeandika ombi rasmi la huduma hiyo katika hospitali ya Likoni, nakala kwa mwakilishi wa wadi, na nisitie sahihi mkataba wowote.

Katibu wa Kikundi, Likoni

Kaka yangu wa Changamwe, usemalo ni haki, na barua kama hiyo tuliiandika zamani. Lakini kiungo cha mtoto hakingoji barua ijibiwe. Binti yangu alipokaa miezi minne bila mazoezi, nyonga yake moja ilitoka mahali pake, na hakuna ibara iliyoirudisha.

Mzee na dada Muuguzi, nimewasomea wazazi maelezo yenu. Kuna swali limezuka: Je, tunaweza kuiomba kaunti ilipe kodi badala ya kutuletea mtaalamu, maana mtaalamu tumekwishamzoea wetu?

Mzaliwa wa Tanga

Nimeishi Mombasa miaka mingi, lakini nimekulia upande wa pili wa mpaka, na naona kule lipo la kujifunza. Mwaka 1992 serikali ya Tanzania na makanisa walitia sahihi mkataba wa maelewano kuhusu huduma za afya na elimu. Hata kabla ya hapo kulikuwa na utaratibu wa hospitali teule: wilaya isiyokuwa na hospitali ya serikali, hospitali ya kanisa huteuliwa kuwa ya wilaya, serikali ikasaidia mishahara na ruzuku, umiliki ukabaki kwa kanisa. Muheza, hospitali ya Waanglikana imezoeleka hivyo hata watu huiita Teule tu, kana kwamba ndilo jina lake la kuzaliwa.

Nguvu ya utaratibu ule ni kwamba kila upande ulijua mzigo wake. Udhaifu wake ni kwamba ruzuku ikichelewa, mgonjwa hadaiwi na serikali, anadaiwa na hospitali. Tena serikali ikishajenga hospitali yake ya wilaya, uteule huanza kutiliwa shaka. Kwa hiyo nami ningesema: pokeeni mtaalamu, kwa sababu mshahara wake tayari umo katika bajeti ya kaunti, ilhali kodi ingekuwa fungu jipya la kuombewa. Mkataba uwe wa mwaka mmoja, unaoweza kuhuishwa, na useme mapema jinsi mtakavyoachana.

Mstaafu wa Tononoka

Mwenzetu wa Tanga amenitangulia. Katika serikali zetu mtu aliyekwisha ajiriwa hupangwa mahali kwa barua, lakini kodi huhitaji mstari wake katika bajeti, na kuupata mstari ni kazi ya mwaka. Kwa hiyo chukueni mtaalamu sasa, na kodi mwipeleke kwenye vikao vya maoni ya umma kabla ya bajeti ya Julai. Nendeni na watoto. Nimekaa upande wa pili wa meza ile, na najua ni karatasi zipi husomwa na zipi hufungiwa chai.

Nimkumbushe na ndugu wa Changamwe kwamba barua yake na mkataba havipingani. Kifungu kimoja cha mkataba kinaweza kutamka wazi kwamba huduma hii ni jukumu la kaunti, na kwamba kikundi kinaisaidia kulitekeleza.

Katibu wa Kikundi, Likoni

Ahsanteni sana. Jana tuliirudisha rasimu ikiwa na mabadiliko matano: sahihi ya afisa mkuu, mtaalamu kama nafasi, ufunguo kwa wazazi, mwaka mmoja unaohuishwa, na kile kifungu cha jukumu. Maafisa waliipokea vizuri; wamesema itapitia kwa wakili wa kaunti kwanza. Kodi ya Januari hadi Juni tutaichanga, na msikiti wa jirani umeahidi kutushika mkono kwa miezi miwili.

Vifaa tumeviorodhesha kimoja kimoja kama kiambatisho. Fundi wetu amejitolea kuja Jumamosi na chuma cha moto, atie alama ya kikundi chini ya kila kiti.