Yule daktari wa tumbo kaweka kikombe cha chai juu ya majibu ya damu ya mama yangu

Binti Hajjat (Kampala)
Wanajamvi, nimefura. Nisipoandika usiku huu nitapasuka. Yule daktari mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa miwani ya kuning'inia kifuani, foleni yake inaanza alfajiri na mwenyewe anaingia jua likiwa utosini. Watoto wamezaliwa kwenye lile benchi, wakasoma, wakaoa, bado hawajaitwa.

Leo kaweka kikombe cha chai juu ya majibu ya damu ya mama yangu.

Mama tangu ale pilau ya harusi anaumwa chini ya mbavu za kulia. Maumivu yanapanda hadi begani, anatapika, mwili unachemka. Dada wa maabara, Mungu ambariki, kapima malaria, hana. Kapima na CRP, ile protini ya damu inayopanda mwilini pakiwa na uvimbe au maambukizi, ikatoka 168. Miligramu 168 kwa lita, wakati mtu mzima asiye na tatizo huwa chini ya 10! Akaizungushia wino mwekundu, akaniambia, "Mpe musawo, daktari, aione hii kwanza." Nikampa. Hakuisoma! Kaipokea, kailaza mezani, kaweka kikombe juu yake. Chai ya tangawizi, imejaa hadi ukingoni. Hajamgusa mama tumbo hata kwa kidole, akasema, "Hivyo ni vidonda vya tumbo na mawazo. Hajjat anywe maziwa." Akapiga funda, akarudisha kikombe. Palepale, juu ya 168.

Maziwa! Mafuta yakishuka tumboni kifuko cha nyongo hujikamua, na cha mama, kumbe, kimezibwa na jiwe. Unamwambia akanywe maziwa?

Hii CRP si mambo ya jana. Tillett na Francis waliiona Marekani mwaka 1930, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Ini ndilo linaitengeneza. Mahali pakivimba kwa maradhi, ini linapata taarifa na kuimwaga kwenye damu, saa chache tu imeshaanza kupanda, na kufikia siku ya pili iko kileleni. Na mwongozo wa Tokyo wa madaktari wa nyongo unasema: maumivu ya kubonyeza upande wa juu kulia, ukiongeza homa, au seli nyeupe kupanda, au CRP ya kuanzia 30, basi shuku kifuko cha nyongo kimevimba, mpeleke mgonjwa kwenye picha. Thelathini! Mama ana 168, iko chini ya kikombe.

Jioni tukaenda kwingine. Wa ultrasaundi kabonyeza chini ya mbavu, kamwambia avute pumzi, mama pumzi ikakatikia njiani akapiga ukelele. Jiwe limekwama shingoni mwa kifuko, ukuta umenenepa, maji yamezunguka. Sasa yuko kwenye dripu ya antibayotiki akingoja upasuaji. Karatasi ninayo hapa mkononi, ina duara la chai, na ile 6 haisomeki tena.

Mzee wa Arua
Pole sana mwanangu, Hajjat apone. Huyo namjua. Mimi nilikwenda na goti, akaniambia vidonda vya tumbo.

Fundi Redio
Nimesoma uzi wote, nimekuta kikombe, kikombe, kikombe. Dada, ingekuwa soda ungenyamaza?

Binti Hajjat
Ingekuwa hata maji ya Zamzam! Ile karatasi ilikuwa inaongea, yeye kaiziba mdomo kwa kikombe.

Kipima Damu (Mbale)
Mimi ni wa maabara, niseme. CRP peke yake haikwambii ni wapi panapoungua. Malaria inaipandisha, nimonia inaipandisha. Ndiyo maana tumbo hubonyezwa na picha hupigwa. Lakini mtu mwenye jiwe lililotulia, au maumivu ya kuja na kupita, CRP yake mara nyingi iko chini. Ikiruka hivyo pamoja na maumivu ya pale, ukuta wenyewe wa kifuko unaweza kuwa umevimba. Ikipita 200, madaktari wa upasuaji huanza kuogopa kwamba ukuta unaoza. Kidonda cha tumbo ambacho hakijatoboka kwa kawaida hakikupi namba hiyo. Na kuna kero nyingine hamuijui: mashine nyingine zinatoa kwa desilita, yaani sehemu ya kumi ya lita, 168 inaandikwa 16.8, mtu anaitazama anasema ndogo. Tunapiga kelele kila siku kipimo kiandikwe wazi, hakuna anayesikia!

Mama Selimundu
Bora nyinyi mmepewa hata karatasi. Mwanangu ana selimundu. Kila nikisema anaumwa upande wa kulia wananiambia ni maumivu yake ya kawaida. Chembe nyekundu za watoto hawa zinavunjika haraka, mabaki yake ndiyo yanayogandamana kuwa mawe ya nyongo. Nimelia hadi wakampiga picha. Mawe!

Binti Hajjat
Dada yangu, pole. Na pengine ni mezani kwa huyohuyo, penye kikombe.

Fundi Redio
Haya, kikombe kimerudi.

Boda wa Nakawa
Nyinyi mnalalamikia daktari, mimi yule askari wa getini pale. Nimepeleka mjamzito usiku, mvua inapiga, kanizuia eti boda haziingii. Nimemshusha, nimemshika mkono hadi ndani, narudi helmeti haipo!

Mzee wa Arua
Askari yule wa koti refu? Mimi kanidai pesa ya kuegesha baiskeli.

Kipima Damu (Mbale)
Baiskeli?

Mzee wa Arua
Baiskeli! Tena imepasuka gurudumu, nimeikokota tangu barabarani.

Binti Hajjat
Jamani banange, tunaongelea nyongo ya mama yangu hapa.

Boda wa Nakawa
Pole dada, tunamwombea. Lakini Mzee, hiyo pesa alikupa risiti?

Mzee wa Arua
Risiti gani! Kaniandikia kwenye kiganja kwa kalamu.

Fundi Redio
Boda, helmeti yako ni ya rangi gani? Kuna ya bluu yenye ufa inauzwa Kisenyi tangu juzi.

Boda wa Nakawa
Ufa upande gani?