Hosiana ya Christian Gregor: historia fupi na maneno ya Kiswahili

Mwalimu_Kwaya
Bwana asifiwe wapendwa. Majilio ya kwanza tunataka Hosiana ya Gregor, watoto na wakubwa wakijibizana. Nota nilizonazo ni za Kijerumani. Naomba historia yake ya kusomwa dakika mbili, na maneno niyatie vipi?

Kinanda_cha_Zamani
Gregor alizaliwa 1 Januari 1723 huko Dirsdorf, Silesia. Mwaka 1742 alijiunga na Ndugu wa Herrnhut (Wamoravian), akawa mpiga kinanda na kiongozi wa muziki, kisha mchungaji. Uaskofu aliupata 1789. Alifariki 6 Novemba 1801, Berthelsdorf.

Ila kwa dakika mbili, mengi sema juu ya vitabu: kitabu cha nyimbo cha 1778, chenye nyimbo 1,750, na cha tuni zake, 1784. Tunamwita mtunzi, lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya mkasi na sindano. Zinzendorf, kiongozi wa Ndugu hao, alitunga nyimbo nyingi mno, Gregor akapunguza na kuunga. "Jesu, geh voran" (Yesu, tangulia) ni beti za nyimbo mbili za Zinzendorf alizozishona yeye.

Besi_ya_Pili
Maneno sasa. "Hosianna" yao ina silabi nne, kwa hiyo andika "Hosiana", si "Hosana". Mkazo unaangukia palepale, Ho-si-A-na.

Shida iko kwenye "Gelobet sei, der da kommt im Namen des Herrn", silabi 12. Mathayo 21:9 ukiichukua nzima, "Ndiye mbarikiwa, yeye ajaye kwa jina la Bwana", ni 18 (hiyo "m" nayo huimbwa). Watoto watameza nusu. Toa "ndiye" na "yeye", zibaki 14, halafu gawa nota mbili. Mojawapo iwe ya "Herrn": "Bwa" ikae mwanzoni mwa nota hiyo, "na" imalizie. Wengi huanza "Bwa" mapema ili "na" ipate nota ya mwisho, matokeo yake kanisa zima linaimba "bwaNA".

Mwalimu_Kwaya
Asante sana. Watoto wakikaa roshani, wakubwa mbele?

Besi_ya_Pili
Sawa, mradi mwongozaji awe mmoja na aonekane pande zote mbili. Wakubwa wakifuata masikio badala ya mkono wake watachelewa kila jibu, na mwendo utazidi kulegea. Kinanda kisinyamaze kati ya makundi, maana watoto wakishusha sauti kidogo tu, wakubwa watajibu kwa ufunguo mwingine.