Ripoti yangu ya Kiingereza imejaa "our", naipunguzaje?

Kalamu_Butu: Wakuu, habari zenu. Nimerudishiwa ripoti niliyoandika kwa Kiingereza, bosi kazungushia kila "our" kwa wino mwekundu. Aya moja tu kakuta kumi na moja! Iliyoniaibisha zaidi ni hii: "Our team completed our survey and our results support our proposal." Mbona sarufi iko sawa? Pembeni kaandika "zimezidi", basi. Nisaidieni.

Mhariri_Usiku: Sarufi haina shida mkuu, ila msomaji unamgongea msumari uleule mara nne. "Our" ya kwanza ikishamtaja mwenye mali, zinazofuata zigeuze "the": "Our team completed the survey, and the results support the proposal." Hakuna atakayeuliza utafiti ni wa nani. Nadhani sisi inatuponyoka kwa sababu Kiswahili hakina kineno kama "the", kwa hiyo mkono unakimbilia "yetu". Pia unaweza kubandika nomino mbili: "survey results" inatosha, huna haja ya "the results of our survey".

Bibi_Sarufi: Mimi kinachonikera ni "his". "The director met the auditor before his report was released." Ripoti ya nani hapo? Hata "ripoti yake" ya kwetu ina ugonjwa huohuo. Andika "before the audit report was released", umemaliza.

Kalamu_Butu: Kwa hiyo nifyeke vimilikishi vyote?

Mhariri_Usiku: Weee, taratibu! Kwenye viungo vya mwili utaharibu. Sisi tunasema "alivunjika mguu" na kila mtu anaelewa. Kwa Kiingereza ni "he broke his leg". Ukiandika "he broke the leg", watadhani kavunja mguu wa meza.

Msoma_Tasnifu: Halafu usiikimbie "our" kwa kuogopa nafsi ya kwanza. Mwongozo wa uandishi wa kitaaluma wa APA (chama cha wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7, unaruhusu "we" na "our" waandishi wanapoeleza kazi waliyoifanya wenyewe. Wapo wanaozunguka na "the present researchers' findings", mpaka msomaji anajiuliza hao watafiti ni akina nani. Afadhali "our findings".

Kalamu_Butu: Nimeirudia aya, shukrani sana. Kutoka kumi na moja zimebaki tatu. Moja ni "our clients", na hiyo siitoi: wapinzani wetu nao wametajwa humohumo, nikiandika "the clients" bosi atadhani nazungumzia wateja wao.