Propela inagonga kwenye Land Rover Series: krosi tu au propela nzima?

Chuma_Kuukuu: Wakuu habari. Landi yangu inagonga chini kwenye propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli), "ko!" kila nikiachia klachi. Fundi mmoja anasema krosi (viungo vya msalaba kwenye ncha za propela) zimekwisha niweke mpya, mwingine anasema nichukue propela nzima ya mtumba. Vyote siwezi, wiki hii lazima niamue.

mzee_spana: Series ngapi? Propela ya mbele au ya nyuma? Inagonga ukiondoka tu au inatetemeka mwendoni? Umeinua springi? Tupige ramli?

Krosi47: Weka krosi mpya, zile za kupigia grisi.

Difu_Moto: Bora zilizozibwa, hazina tundu katikati, chuma kizima.

Krosi47: Chuma kizima mpaka uvuke mto. Mimi napiga grisi, maji yanatoka, safari inaendelea.

mama_landi: Krosi sio tatizo, tatizo mfungaji. Propela yangu kijana aliichomoa pale kwenye meno inapojivuta kurefuka na kufupika bila kuweka alama hata ya chaki, akarudisha meno yamepishana. Krosi mpya kabisa lakini gari ikawa mbaya kuliko ilivyokuja, ikifika spidi 60 kiti kinatetemeka, naambiwa balansi ya tairi, nabalansi, naambiwa maunti za giaboksi, nabadilisha, mwisho sili ya nyuma ya transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) ikaanza kumwaga oili ndani ya dramu ya hendibreki, na Series hendibreki iko palepale nyuma ya transfa, basi nimepaki mlimani nikavuta mpaka mwisho gari ikawa inashuka pole pole na mimi nimo. Siku nilipolala chini mwenyewe ndio nikaona yoki (uma unaoshika krosi) moja inatazama juu, mwenzake pembeni. Zinatakiwa zitazame upande mmoja!

Chuma_Kuukuu: Poleni. Series III ya 1978, propela ya nyuma. Inagonga kuondoka na kuingiza rivasi. Ee, nyuma nimeinua kidogo.

mzee_spana: "Kidogo" ndio hiyo sasa! Ukiinua, pua ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli, inakofungwa propela) inageuka, pembe za krosi mbili hazilingani tena. Ila hilo huleta mtetemo, mlio wa "ko" ni uchezaji, kitu kimelegea. Zuia matairi kwa mawe, weka nyutro, achia hendibreki, shika propela uizungushe huku na huku. Yoki moja ikisogea kabla ya mwenzake, krosi hiyo kwisha. Tazama na vumbi jekundu kwenye vikombe vyake. Halafu gusa U-bolti za springi (zinazobana ekseli kwenye springi), na meno ya hafshafti (shafti inayozungusha tairi) kwenye habu.

Difu_Moto: Ungechukua Land Cruiser usingelala chini.

mama_landi: Wa Cruiser hawalali chini, sakafu imeliwa na kutu, propela wanaiona wakiwa wamekaa 😂

Chuma_Kuukuu: Nimetoka chini sasa hivi. Krosi ya nyuma ina vumbi jekundu kweli. Lakini nati moja ya U-bolti nimeizungusha kwa vidole! Sasa kipi kinagonga?

Krosi47: Kaza hiyo kwanza uendeshe. Na krosi chukua za grisi.

Difu_Moto: Zilizozibwa.